Tuta la Kumi na Saba

Kabla hamjaendelea kuniita mzee wa ndege, niwaambie jambo ambalo katibu wa kikundi chenu cha ndege hakuwaambia aliponiomba niandike. Kwa miaka ishirini na minane nililipwa mshahara kutafuta ndege ili wauawe. Nilikuwa mpelelezi wa kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza nafaka shambani. Kazi yenyewe ni kuteremka ule mlima mkali, Lyamba lya Mfipa, mpaka bondeni, kuzunguka mashamba ya mpunga na mtama, kuuliza watu, kufuata makundi mpaka kwenye matete wanakolala, kuwahesabu, kisha kupanda tena Sumbawanga kuripoti ili wenye dawa waende. Niliowaona mimi walikufa. Ndege wengine, wale adimu mnaowatafuta ninyi, niliwapenda pembeni mwa kazi hiyo, kama mtu anayelima mahindi akajikuta anapalilia ua lililoota lenyewe.

Nimeishia darasa la saba. Nina madaftari, moja kwa kila mwaka, na ninapoandika hapa ninayafungua. Mahali ambapo daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nitawaambia. Sijiamini sana, na mtaona sababu.

Mmeniuliza jinsi ya kuhesabu kundi. Usihesabu ndege. Hesabu kumi, uzoeshe jicho ukubwa wa hao kumi. Kisha tafuta kumi za kumi. Ukishapata ukubwa wa mia, utandaze juu ya kundi kama mama anavyotandaza khanga kitandani, uone inaingia mara ngapi. Na usihesabu una njaa. Nikiwa na njaa siku zote niliona wengi zaidi, sijui kwa nini.

Nguo nyeupe acha nyumbani. Jua liwe mgongoni. Usimwendee ndege moja kwa moja kama mtu anayedai kitu. Tembea kama unayetafuta mbuzi aliyepotea, huku na huku, ukiinama. Na andika kabla hujaongea. Ukishamsimulia mwenzako, utaandika ulichosimulia, hutaandika ulichoona. Haya yote nilifundishwa na Mzee Gaudensi, aliyenitangulia kazini. Hakuna hata moja nililobuni mimi. Mimi nilibuni makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa la moshi. Nilikuwa na miezi miwili kazini. Jioni moja bondeni nikaona wingu jeusi linajikunja na kujikunjua juu ya matete, nikajua hilo ni kundi la mamilioni. Sikumngoja Mzee Gaudensi. Nikapanda na lori la mpunga mpaka mjini, nikaripoti nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Gari la dawa likaja, na watu wake, na nguo zao za kujikinga, wakateremka mlima wote ule. Walipofika wakamkuta bibi mmoja anachoma mabua yake.

Mkuu wa msafara akamwuliza, "Bibi, kweleakwelea wako wapi?"

Bibi akasema, "Sijui. Labda nimewachoma."

Msimu mzima jina langu likawa Moshi. Mtu akiniona napita anafunika pua. Mzee Gaudensi hakucheka. Aliniita pembeni akaniambia, "Ukiona peke yako, hujaona, umehisi. Tafuta mwenzako aone. Wakiwa wawili ndipo kalamu ifunguliwe."

Hiyo ndiyo kanuni ya macho ya watu wawili, na mpaka leo naona ilikuwa kanuni nzuri. Naliandika hilo mapema, msije baadaye mkadhani naisingizia.

Sasa kikundi. Hamkukianzisha ninyi, samahani. Tulikuwepo watu watano hapa mjini na vijijini karibu tuliopenda ndege bila kulipwa. Kila kiangazi, nyasi zikishaungua na nchi kubaki uchi, ndege hana pa kujificha. Na mawingu ya kwanza yakija, wageni wa kutoka Ulaya nao wanaanza kutua. Kati ya Septemba na mvua za kwanza ndipo tulipokuwa tunaandika waliokuwa adimu, kisha tunatuma nakala kwa wataalamu. Daftari nililitunza mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka na kabati lenye kufuli. Lilikuwa na safu tano: siku, mahali, ndege, aliyeona wa kwanza, aliyeona wa pili. Safu ya tano ikiwa tupu, mstari wote unakatwa.

Kanuni ilituokoa mara nyingi. Mwalimu mmoja, jina nalificha kwa kuwa wajukuu wake wako kati yenu, alikuja mbio kwangu akiwa na chaki masikioni. "Kipanga mweupe! Mweupe pe! Yuko Kizwite, juu ya nguzo, ametulia!" Tukaenda wawili. Alikuwa mfuko wa plastiki. Mwalimu aliutazama muda mrefu, akasema, "Lakini ulikuwa umetulia kweli." Kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliishika kanuni ile kama rozari.

Mtu aliyekuwa na jicho kuliko sisi wote alikuwa Mama Fausta wa Mollo. Mkulima, mjane, ulezi na mahindi, hana darubini, hana kitabu. Alimjua ndege kwa mwendo kabla hajamwona rangi. Nilimwuliza siku moja anawezaje, akanijibu, "Wewe ukimwona shemeji yako kwa mbali unangoja aje na kitambulisho?" Mimi nilimfundisha kujaza zile safu tano. Mengine yote alinifundisha yeye. Aliniita Bwana Daftari. Mwanzoni lilikuwa jina la utani.

Karibu na shamba lake kulikuwa na kinamasi. Hamkijui, mnajua bustani za kabichi zilizopo sasa. Katikati kilikuwa na maji hata mwezi wa kumi, nyasi ndefu za majini, tope la kumeza ng'ombe. Pembezoni pakavu watu walikuwa wamepiga intumba zao. Ninyi mliozaliwa mjini: tunageuza udongo na majani kuwa tuta la mviringo, majani yanaozea ndani, msimu unaofuata tunalitawanya, na hiyo ndiyo mbolea ya Mfipa tangu zamani. Kwa mbali shamba la intumba linaonekana kama kundi la ng'ombe waliolala.

Mwaka ule, wa tatu kabla sijastaafu, kamati ya ardhi ilitaka kukigawa kinamasi chote kiwe bustani za kiangazi. Nisiwaonee. Hawakuwa wabaya. Kulikuwa na familia zisizo na hata kitalu cha mboga kuanzia Julai mpaka Novemba, na maji yamelala pale bure, kwa macho yao. Mama Fausta peke yake alipinga, na wakamwona mchoyo kwa sababu shamba lake limepakana. Upande mwingine alikuwepo Mhoja, mfugaji, aliyehamia na mifugo yake kutoka Usukuma. Naye hakutaka kigawiwe, maana ng'ombe wake walinywa pale.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi Mama Fausta alikuja mjini kwa miguu. Shikamoo ya watoto wangu mlangoni hakuiitikia. Akasema, "Yupo. Korongo mwenye ndevu. Wako wawili, na mmoja amelala."

Nikakaa chini. Korongo wenye taji tulikuwa nao, kila mtu anawajua. Huyu ni mwingine: mrefu kufika kifuani kwa mtu, mgongo wa kijivu, shingo nyeupe, uso mwekundu, na ngozi mbili nyeupe zinaning'inia kidevuni kama za mbuzi. Mzee Gaudensi aliwahi kuniambia aliwaona ujanani. Mimi sikuwa nimemwona hata siku moja.

"Amelala, maana yake ana kiota?"

"Bwana Daftari, mimi nimezaa sita. Najua mtu akikaa hivyo anafanya nini."

Nilikwenda siku hiyo hiyo kwa ofisa aliyekuwa anasimamia mgao. Alikuwa mtu mwema, sitasema vingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama huyo ndege yupo na anazaa, nitaagiza katikati pasiguswe, wagawane pembezoni tu. Lakini siwezi kwenda kwenye mkutano na maneno ya mama mmoja mwenye shamba la jirani. Jumatatu asubuhi lete daftari lenu. Likisema yupo, basi yupo."

Sijawahi kuambiwa neno la kunifurahisha vile kazini. Likisema yupo, basi yupo. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo, mimi mtu wa darasa la saba.

Jumamosi niliitwa bondeni kikazi, hilo sikuwa na uwezo nalo. Ikabaki Jumapili. Mama Fausta alituma neno: njoo alfajiri, kabla jua halijachemsha nchi. Nikajibu kwamba nitapita misa ya kwanza halafu nije. Neno likarudi: "Mwambie Mungu hatakimbia, ndege atakimbia. Aende misa ya pili."

Nilikwenda misa ya kwanza. Sijui kama ilikuwa imani au mazoea. Matangazo yalikuwa marefu, mchango wa bati, ndoa mbili, halafu njiani baiskeli ikapata pancha. Daftari langu la siku ile linasema nilifika saa tano na nusu. Kichwa changu kinasema saa nne. Naamini daftari.

Tulikaa juu ya mwinuko, Mama Fausta, mimi na darubini ya ofisi. Mhoja naye alikuwa pale, ameegemea fimbo, ng'ombe wake wako nyuma. Jua lilikuwa limepanda na nchi yote inacheza. Mnayajua mazigazi: ardhi iliyoungua inatoa mvuke usioonekana, kila kitu kinatetemeka, mti unakatika kiunoni. Ukitazama ndege saa ile unatazama supu. Ninawafundisha: baada ya saa tatu asubuhi, kiangazi, darubini iweke mfukoni. Nilijua hivyo. Nilitazama hivyo hivyo.

"Unaona nini?" Mama Fausta akauliza kwa sauti ya chini.

"Matuta."

"Mangapi?"

Nikahesabu. Kuhesabu ndiko nilikokuweza. "Kumi na saba."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, pole pole, kutoka kushoto. "Kumi na saba."

Kisha akasema, "Bwana Daftari, ni nani aliyepiga intumba kwenye maji?"

Nikamjibu, na jibu hili ninalo kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Wafipa wanalima popote."

Mhoja akacheka. "Mzee, hilo la kule katikati," akanyoosha fimbo, "juzi nililiona linatembea."

Nikadhani ananitania. Wasukuma na utani wao. Nikamwambia, "Basi ukikutana nalo tena lisalimie." Akacheka zaidi, nami nikacheka. Mama Fausta hakucheka.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili hamtalipata kwenye simu zenu. Korongo akiwa juu ya mayai na akiona watu, haruki. Anailaza shingo chini, anaificha kwenye nyasi, kinachobaki juu ni mgongo wa kijivu uliojikunja. Na kiota chake ni lundo la nyasi zilizong'olewa, kubwa, la mviringo, lenye maji pande zote. Mtu wa nchi nyingine angeliona akasema, kile ni kitu gani? Mfipa analiona anasema, tuta. Nimelitazama tangu utotoni, nimepiga mengi, jicho langu lililipita kama linavyopita mlango wa nyumbani. Lakini Mfipa anayelima bado, kama Mama Fausta, anajua pia kwamba tuta hupigwa mwisho wa mvua, mahali pakavu, na ifikapo mwezi wa kumi limekwisha kuwa jeupe kwa jua. Lile lilikuwa kijivu. Mimi nilikuwa nimekaa ofisini muda mrefu, nikabakiwa na nusu ya kwanza ya ujuzi.

Mtauliza kwa nini sikusogea karibu. Nilitaka. Mama Fausta alinikamata mkono. "Ukimwamsha na jua hili, yai litaiva. Hutaingia." Hapo naye alichangia, nasema kwa haki. Lakini alichangia kwa kumlinda ndege.

"Njoo kesho alfajiri," akasema.

"Kesho alfajiri niko ofisini na daftari."

"Basi andika nilichoona mimi."

"Safu ya tano nimwandike nani?"

Akamwonyesha Mhoja kwa kidevu.

Hapa nimeandika mara tatu na kukata mara tatu. Nilimkataa Mhoja. Nilitoa sababu mbili palepale kwa sauti: kwanza si mwanakikundi, hajafundishwa, pili ana faida yake, ng'ombe wake wanakunywa pale. Zote mbili zilikuwa kweli. Lakini Mama Fausta naye alikuwa na faida, na sikuwahi kumkataa. Sababu ya tatu sikuisema. Alikuwa Msukuma, mgeni, anayenuka maziwa, na nilishasikia mengi kijijini kuhusu watu wake na mifugo yao, nami nilikuwa nimeyabeba bila kuyapima. Mtu niliyepima kila kitu. Kama Mfipa angeniambia tuta linatembea, nadhani ningeuliza, linatembea vipi?

Mhoja alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Akasema, "Haya mzee, si neno," akawapigia ng'ombe mluzi.

Jumapili ile ile nilifungua daftari mezani kwangu. Siku, nikaandika. Mahali, nikaandika. Ndege, korongo mwenye ndevu. Kisha juu ya safu mbili za mwisho, kwa wino, nikaandika neno moja: Hakuonekana. Nikapiga mstari chini kwa rula. Nilijisikia mtu wa haki. Kuna rafiki yangu anapigania kitu, nikaweza kusema hapana. Hiyo nilidhani ndiyo haki yenyewe. Lakini ningeweza kuandika, "Ameonwa na mmoja." Au, "Muda haukutosha, tunaomba wiki." Daftari halikuwa na safu ya maneno hayo, na mimi sikuwa mtu wa kuandika nje ya mistari.

Jumatatu, ofisi ya kata, watu walijaa mpaka dirishani. Ofisa aliniuliza, "Bwana, daftari linasemaje?"

"Hakuonekana."

"Una hakika?"

"Kwa kanuni yetu, hakuonekana."

"Sikukuuliza kanuni. Nakuuliza wewe." Ndiyo, alinipa nafasi hiyo. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Nilichoona mimi ni matuta kumi na saba."

Mama Fausta akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. "Nimemwona kwa macho yangu. Ana ndevu. Amelala juu ya mayai."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, labda ulimwona mume wa mtu!" Wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Hata daftari lako mwenyewe limekukana!" Mwenyekiti aligonga meza, lakini alikuwa anauma mdomo. Mama Fausta alinitazama. Alitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kikohozi ili aongee. Nilikunja daftari. Akakaa.

Wakagawa chote.

Wiki ile ile walianza kuchimba mifereji ya kutoa maji. Mmoja wa wachimbaji aliitwa Deo, kijana mchangamfu, na siku ya nne nilikutana naye kwenye kibanda cha chai pale Kizwite. Akanipa shikamoo, akavuta benchi, akaniambia kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Mzee, si ulihesabu matuta kumi na saba? Yalikuwa kumi na sita! Lile la katikati nimeligonga jembe, likazama. Nyasi tupu! Na juu yake yai."

"Yai gani?"

"Moja, kubwa hivi, lina madoa. Ndege wawili walikuwa wanapiga kelele juu yetu kama tarumbeta, tukawatupia mabonge ya udongo."

"Yai liko wapi, Deo?"

"Tumelikaanga, mzee. Na mafuta ya alizeti. Tumekula watu sita, kila mmoja akapata." Akafikiri kidogo, akataka kuwa mkweli. "Linanuka tope tope."

Msimchukie Deo. Hakujua. Nani angemwambia? Kitu pekee kilichoandikwa kuhusu ndege yule katika wilaya nzima kilikuwa kwa mkono wangu, nacho kilisema hayupo.

Niliiacha chai. Nikachukua baiskeli mpaka barabara ya juu ya kinamasi. Na pale niliwaona. Wawili, wanaruka chini chini juu ya mifereji, mabawa mapana, shingo zimenyooka, nyeupe kabisa kwenye jua la jioni lisilotetemeka. Mmoja alitua, akatembea hatua kama kumi kwenye udongo uliogeuzwa, akainamisha kichwa, na zile ndevu mbili zikaning'inia mbele. Hapakuwa na haja ya darubini. Kisha wakapanda, wakazunguka mara moja, wakaelekea kusini, na hakuna aliyewaona tena.

Nilitazama barabarani huku na huku. Hapakuwa na mtu. Wachimbaji walikwisha kuondoka. Hata mpita njia mmoja, hata mlevi, ningemshika mkono nikamwambia tazama. Niliwaona peke yangu, na kwa kanuni yangu mwenyewe sikuwa nimewaona. Sikuandika. Nimeishika kanuni mpaka hapo. Sijui kama hiyo ni uaminifu au ni ujinga wa mtu asiyejua kubadilika, niamulieni ninyi.

Tangu mkutano ule watu walimwita Mama Fausta jina la Mama Korongo. Watoto walimfuata wakitembea kwa miguu mirefu. Kikundini hakuja tena, na bila yeye kikundi kilikuwa watu wanne wanaothibitishiana kunguru. Mhoja alihama na ng'ombe wake. Nasikia yuko upande wa Mwimbi, nasikia pia hayuko. Kabichi zilistawi miaka mitatu. Nimezila, zilikuwa tamu. Kisha maji yakashuka, na sasa kiangazi wanachimba visima vifupi kwenye vitalu vyenyewe. Kama ni kwa sababu ya mifereji au ni mvua zimebadilika, sina ujuzi wa kusema.

Siku ya kustaafu walinisifu kwa uaminifu wa kumbukumbu. Nilitazama sakafu.

Ninyi mna simu. Nawaona mnapiga picha, nawaona pia mnawachezea ndege sauti zao wenyewe ili watoke majanini, na hilo silipendi, mnawasumbua wenye mayai. Lakini picha moja ya simu mbovu kabisa, ya alfajiri ile, ingemaliza maneno yote. Kwa hiyo sina nafasi ya kuwadharau. Ninachoomba ni hiki: katika hiyo orodha yenu ya kisasa wekeni mahali pa mtu aliyeona peke yake. Msimwamini tu, hapana. Mwandikeni, na mwende tena. Na anayewaambia kitu huku anacheka, mwulizeni mara ya pili.

Mwezi uliopita katibu wenu aliniambia mnataka kuingiza madaftari ya zamani, na akanishauri kwa heshima nirekebishe ule ukurasa. "Babu, weka tu majina mawili, lako na la yule mama. Si mliwaona wote?" Kwa kweli nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Yeye aliwaona Ijumaa, mimi niliwaona wiki iliyofuata. Macho ya watu wawili. Usiku sikulala kwa furaha ya kipumbavu.

Nikaenda Mollo na daftari ndani ya mfuko. Mama Fausta alikuwa anapepeta ulezi uani. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Aliniitikia vizuri, akanipa kigoda, akauliza habari za wajukuu wote kwa majina. Ndipo nikatoa daftari, nikamweleza yote, kwamba niliwaona, kwamba Deo alisema, kwamba sasa tunaweza kuandika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia niliwaona. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemnyima hata hilo.

Aliweka ungo chini. "Ulimwona akitembea?"

"Hatua kama kumi."

"Na ndevu?"

"Na ndevu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa salamu za marehemu. Nikamfungulia ukurasa, nikampa kalamu. Aliusogeza karibu na jicho lake zima. Akasoma safu kwa kidole, kama nilivyomfundisha, mpaka akafika kwenye lile neno langu lenye mstari wa rula.

"Hapa umeandika hakuonekana."

"Ndiyo. Nataka tukate."

"Usikate." Akanirudishia kalamu. "Siku ile lilikuwa uongo. Sasa ni kweli. Liache."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta. Nilikaa kidogo, nikaaga.

Daftari hilo ninawapa pamoja na mengine. Ukurasa uko kama ulivyo.